Mwito wa Salgaa Uliopitia Longonot

Elder Makhanu alipoitwa na Mungu, aliitwa vizuri sana. Hilo nalisema mapema, mtu asije akasema mimi Naliaka nina wivu wa kiroho. Kuna watu huitwa kwa ndoto za nyoka na mito inayopanda mlima, na wakiamka hata hawajui waelekee wapi. Yeye aliambiwa maneno mawili tu: "Nenda Salgaa." Na Salgaa ni hapo tu, ukishika barabara ya Eldoret kutoka Nakuru. Chai uliyokunywa nyumbani haijatulia tumboni, umeshafika. Hakuna bahari ya kuvuka wala viza ya kuomba.

Alitueleza mwenyewe, Jumapili, wakati wa ushuhuda. Kanisa letu ni la mabati, liko hapa Bondeni nyuma ya nyumba za kaunsili, na wapendwa husimama mmoja mmoja kueleza Bwana alivyowatendea. Tusidanganyane, kuna mashindano kidogo. Siku hiyo Zeddy, katibu wa kanisa, alikuwa ametangulia na ushuhuda wa kuponywa mgongo. Aliinama mbele yetu akagusa vidole vya miguu, na watu wakashangilia hadi vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati. Sasa mzee wa kanisa mzima atakaa kimya baada ya mgongo wa Zeddy? Makhanu akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Bwana asifiwe tena. Juzi alfajiri nikiwa nasoma Neno, nilisikia sauti. Ikaniambia, Makhanu, nenda Salgaa."

Kanisa likalipuka. Zeddy alipiga vigelegele ingawa niliona vilimuuma kidogo. Pastor Kibii alishuka madhabahuni akamkumbatia. Mimi nadhani Makhanu alitarajia mambo yaishie hapo: mtu anaitwa, anashangiliwa, anaketi. Lakini Pastor, akiwa bado amemshika bega, akamuuliza mbele ya watu, "Na unaenda lini, Elder?"

Makhanu akafungua kile kifungo. "Naweka kwa maombi, Pastor," akajibu, akaketi polepole.

Mimi peke yangu sikupiga makofi. Kila mtu pale ndani alijua sababu, na kila mtu akajifanya anatafuta wimbo kitabuni. Salgaa ndiko aliko mume wangu, Obura.

Wacha nieleze, kwa sababu bila hili huwezi kumwelewa Makhanu, na mimi sitaki umcheke kabla ya wakati.

Makhanu ni fundi wa viti vya magari. Kibanda chake kimejaa sponji na ngozi za bandia, na hakuna lori linalolala Nakuru ambalo kiti chake hakijapita mikononi mwake. Ni mtu mwenye mikono mizuri na maombi marefu. Akiombea chakula, mwenye nyumba hukirudisha jikoni kipashwe moto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ni mtu wa watu. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mlango wa nyumba yake unatazamana na wangu, na katikati kuna mfereji wa maji tunaochangia sote. Ukitaka kujua amekula nini jana, chungulia sufuria zinazooshwa pale.

Obura alikuwa dereva wa lori. Mwaka juzi Makhanu alikuja kwangu, akaketi kwenye kiti changu, akakunywa chai yangu, akamwomba mume wangu amchukue mwanawe Jerry awe taniboi wake, msaidizi wake ndani ya lori. "Mfunze kazi, ndugu yangu. Huku mtaani ataharibika." Obura akamchukua. Kijana mwenyewe alikuwa mchangamfu, mwenye kupiga mluzi kila mahali, hata msalani. Hawakumaliza mwaka. Wakitoka Eldoret na mzigo wa mbao, breki zilikataa kwenye mteremko wa kushukia Salgaa. Jerry alifia palepale. Obura alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti.

Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya, mtu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijashuka, yule aliyekuwa na marehemu mwisho husimama mbele ya waombolezaji akaeleza: aliamka vipi, alikula nini, alisema nini, na mauti yalimkuta vipi. Hata aliyekufa kwa uzee huelezwa, seuze kijana. Jerry alizikwa bila kuelezwa, kwa sababu aliyepaswa kueleza alikuwa amelala wodini. Mama Jerry alisimama kando ya kaburi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mtoto wangu alikuwa amekula?" Hakuna aliyejua. Msema chochote, yule mwongoza mazishi, akatangaza kwaya inayofuata.

Na palipokosekana maelezo, watu walijitungia yao. Pale mferejini wanawake walianza kunong'ona kwamba Obura aliruka kutoka kwenye lori akamwacha mtoto wa watu ndani. Niliwapiga vita. Mmoja nilimmwagia maji ya mtungi wangu mwenyewe, na maji ya Bondeni si ya kumwagwa ovyo. Obura aliniambia kwa kinywa chake, akiwa bado na dripu mkononi: lori liliinama, mlango ukafunguka wenyewe, akarushwa nje. Mimi neno la mume wangu nililibeba kama ngao, na atakayeligusa nitamwonyesha.

Alipotoka hospitali, Obura alikataa kurudi Bondeni. Alibaki Salgaa, kwenye hoteli ya mama mmoja anaitwa Chepchumba, ambaye huuza chai na chapati kwa madereva. Anamenya viazi, analala kwenye chumba cha nyuma. Mimi humtembelea kila nikipata nafasi. Kila nikimwambia twende nyumbani, jibu lake ni lile lile: "Sitapita mbele ya mlango wa Makhanu mpaka Makhanu aje hapa mwenyewe." Makhanu naye hakuwahi kunitukana hata siku moja. Angenisalimia "Bwana asifiwe, Mama Mitchelle," kwa sababu binti yangu ni Mitchelle, halafu angetazama juu ya kichwa changu kana kwamba kuna ndege amekaa hapo. Jina la Obura halikutoka kinywani mwake tangu mazishi.

Kwa hivyo sauti iliposema Salgaa, mimi nilijua ilimaanisha nini. Makhanu alijua. Na Mungu, nadhani, alijua kwamba tunajua.

Wiki ya kwanza ikapita akiweka kwa maombi. Wiki ya pili akafunga, na alipofungua akasema amesikia amani kubwa moyoni kuhusu jambo hilo, lakini amani hiyo haikumwambia tarehe. Kuta za nyumba za kaunsili ni nyembamba, sauti huvuka hata mfereji, na asubuhi moja nikikoroga uji nikamsikia akiomba. "Bwana, kama kweli ni wewe, nipe ishara. Mfereji utoe maji kesho."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mtu wa Bondeni akisoma hapa ameshaanza kucheka. Kwetu maji hutoka Jumatano na Jumamosi, na hizo ni siku ambazo Mungu ametusaidia. Anayetaka ishara huomba kitu kinachowezekana. Anayetaka kutoroka huomba maji ya Alhamisi.

Alhamisi hiyo, jua likiwa limepanda, mfereji ulikohoa, ukatema kutu, ukaanza kumwaga maji. Watu walitoka mbio na mitungi, ndoo, sufuria, mpaka mabeseni ya watoto. Mimi nilisimama na mtungi wangu mtupu nikitazama mlango wa Makhanu. Ulifunguka. Aliyatazama yale maji kama mtu aliyekuta askari mlangoni.

"Elder," nikamwambia, "maji hayo."

"Naona, Mama Mitchelle."

"Leo ni Alhamisi."

"Hata watu wa maji wanaweza kukosea siku," akasema, akafunga mlango. Mkewe ndiye aliyetoka kuchota.

Nilikasirika, sitaficha. Unamwomba Mungu muujiza, anakutendea, halafu unasema ni makosa ya ofisi! Lakini nilichojifunza ni kwamba mtu akiamua kutosikia, hata ukimpigia tarumbeta sikioni atakuuliza kama kuna arusi jirani.

Kilichomwokoa Makhanu ni kamati. Zeddy alisimama kanisani akasema mwito mkubwa namna hii hauwezi kuachiwa mtu mmoja, ni wa kanisa zima, na unahitaji mipango. Basi ikaundwa kamati ya Salgaa. Chini yake ikaundwa kamati ya maombi, na nyingine ya usafiri, na nyingine ya tisheti. Hiyo ya tisheti ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Kulikuwa na kundi la rangi ya zambarau na kundi la buluu, na waliacha kusalimiana kwa muda. Hatimaye zambarau ilishinda, na kifuani pakaandikwa SALGAA KWA YESU kwa herufi kubwa kama za tangazo la sabuni. Makhanu alianza kutabasamu tena. Aliyeko kwenye kamati haulizwi anaenda lini. Ukimuuliza, anakujibu, "Tunasubiri kamati," na unajisikia wewe ndiye mwenye haraka za kidunia.

Kisha Zeddy akaja na wazo la mlima. "Kabla hatujaenda Salgaa, wapendwa, tunahitaji konfameshen. Manabii wote walipanda mlima. Tutapanda Longonot."

Niliinua mkono. "Menengai iko hapa nyuma yetu. Kwa nini tusipande hii?"

"Menengai tumeizoea, Mama Mitchelle. Watu wanachungia mbuzi pale. Haina uzito."

"Na Salgaa iko huku," nikanyoosha mkono wa kushoto. "Longonot iko kule, unapita Naivasha. Tutakuwa tunaenda mbali nayo."

Zeddy akanitazama kwa huruma ambayo watu wa Mungu hutuwekea sisi wauza vitunguu na sukuma wiki. "Mambo ya kiroho hayaendi kwa ramani, dada yangu."

Pastor Kibii akasema amina, na Makhanu akasema amina kubwa zaidi. Mimi nilikumbuka yule nabii wa zamani aliyeambiwa aende mji mmoja akapanda chombo cha kuelekea mji mwingine. Lakini huyo angalau alijua anatoroka. Hakuchapishiwa tisheti.

Nilienda nao. Nilitaka kuona kwa macho yangu mtu akimpandisha Mungu mlima ili amuulize jambo aliloambiwa akiwa ameketi nyumbani. Nilipika chapati nikazifunga kwenye leso, na tulipofika getini mwa mlima, mlinzi kijana anayeitwa Kipkemei alisoma vifua vyetu mmoja baada ya mwingine.

"Wazee, nyinyi mnaenda Salgaa?"

"Ndiyo," Zeddy akajibu.

"Sasa mbona mko Longonot?"

"Tumekuja kuthibitisha."

Kipkemei akasoma vifua vyetu tena. "Haya basi. Huko juu kuna nyati. Msiachane."

Longonot si mlima wa kupandwa na viatu vya ibada. Vumbi lake ni laini kama unga wa ngano, unapanda hatua moja linakurudisha nyuma. Zeddy na mgongo wake ulioponywa alibaki kwenye kivuli cha kwanza, akasema atatuombea akiwa hapo. Wengine tulifika juu, kwenye ukingo wa lile shimo kubwa, tukiwa zambarau kwa tisheti na kahawia kwa vumbi. Pastor Kibii akatuambia tunyooshe mikono kuelekea Salgaa tuombe. Hapo ndipo ilipojulikana hakuna aliyejua Salgaa iko wapi kutoka pale. Mmoja alinyoosha mkono kuelekea ziwa la Naivasha, mwingine kuelekea Nairobi, na kuna mzee aliyeliombea lile shimo. Tuliomba hivyo hivyo, kila mtu na Salgaa yake.

Makhanu hakunyoosha mkono. Nilimwona amejitenga, ameketi juu ya jiwe, kifua kinapanda na kushuka. Nilimpelekea maji. Nilikuwa nimebeba maneno yangu makali tangu Nakuru, nimeyapanga vizuri. Alikunywa, akanirudishia chupa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akanitazama machoni.

"Mama Mitchelle, wewe unafikiri mimi naogopa."

"Nafikiri hivyo, Elder. Na nafikiri hata huyo Mungu unamchosha."

"Siogopi kwenda. Naogopa kumwona bwanako. Ni mtu mzuri, Obura. Nikimwona na huo mguu, nitamsamehe. Najijua." Alichukua kijiwe akakirusha chini ya mlima. "Halafu nikimsamehe nitabaki na nini? Hii hasira ndiyo kitu cha mwisho cha Jerry niko nacho. Nguo zake mamake aligawa. Simu iliharibikia kwa ajali. Asubuhi nikiamka na hasira, ni kama bado niko na kijana."

Yale maneno yangu makali yalinikauka. Niliketi kando yake juu ya vumbi. Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuchukia vizuri. Nikamwambia tu, "Basi si ungemwambia Mungu hivyo hivyo? Hata bila mlima angesikia."

Nikafungua leso, tukala chapati.

Safari ya kurudi ilikuwa ya shangwe. Kila mtu kwenye basi alikuwa amethibitishiwa. Mmoja alisikia joto mkononi. Zeddy, kutoka kule kivulini kwake, aliona wingu lenye umbo la trela, tena lenye taa. Ikaamuliwa kwamba mwito uzinduliwe rasmi mwezi unaofuata, mgeni rasmi akipatikana, na kamati ya hema iundwe. Makhanu aliketi dirishani, akitazama nje hadi Nakuru.

Jumatatu asubuhi nikiwa napanga nyanya mlangoni, alitoka kwake. Hakuwa amevaa tisheti. Alivaa lile koti lake la mazishi, na mkononi hakuwa na kitu, hata Biblia.

"Mama Mitchelle, unaenda Salgaa leo?"

"Sikuwa naenda."

"Twende."

"Na uzinduzi? Na mgeni rasmi?"

"Kule juu niliomba Mungu aniambie kitu kingine," akasema. "Hakuniambia kitu. Nikajua ile ya kwanza ilitosha." Mama Jerry alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni. Alimrekebishia kola ya koti.

Nilifunika nyanya zangu na gunia. Baadaye nilisikia kamati ilikasirika sana. Walisema Elder ameenda bila baraka za kanisa, na kwamba mwito ukifuatwa bila utaratibu unaweza kumdhuru mtu.

Salgaa ilikuwa vile ilivyo siku zote, malori yamepangwa pande mbili za barabara, madereva wanapiga mswaki wakiwa wamesimama, harufu ya dizeli na ya chapati. Kwa Chepchumba, Obura alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, beseni la viazi mbele yake. Alipoinua kichwa akamwona Makhanu, alisahau hana mguu. Alitaka kusimama kama mtu mzima, akaanguka upande, na viazi vikatawanyika hadi barabarani. Makhanu alimshika kwapani akamrudisha kwenye kigoda. Kisha yeye mwenyewe, mzee wa kanisa na koti lake, akaanza kuokota viazi.

Mimi nilijua kitakachofuata, au nilidhani najua. Nilimngojea ahubiri. Chepchumba alikuwa ameshazima redio na kufumba macho tayari.

Makhanu alirudisha kiazi cha mwisho kwenye beseni, akavuta benchi akaketi. "Obura, sikuja kuhubiri. Jerry hakuelezwa. Nieleze."

Obura alichukua kiazi kimoja akakigeuzageuza. "Elder..."

"Anza na chakula. Mamake anauliza kama alikuwa amekula."

"Alikula. Tulikula Timboroa, chapati na maharagwe. Akaongeza chai. Alikuwa anaringa na kofia mpya, anauliza wasichana wa hoteli kama inamtoa vizuri. Tukashuka akipiga mluzi, mpaka nikamwambia anyamaze, ananichanganya." Obura alikuwa anaongea na viazi. "Kwa mteremko nikakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Nikamwambia, Jerry, ruka. Nikamwambia tena, ruka! Halafu Elder, mimi nikaruka."

Nilisikia vizuri. Bado nilitazama kote, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

"Mlango wangu haukufunguka wenyewe. Niliufungua na huu mkono. Nilidhani yeye pia ameruka. Lori likanipitia mguu, nikainua kichwa, nikaona mlango wa upande wake umefungwa. Ule mlango ulikuwa unashika. Nilijua unashika. Nilikuwa nimesema nitautengeneza tukirudi Nakuru." Akakirudisha kiazi kwenye beseni. "Hivyo ndivyo alikufa. Ningeeleza hivi mbele ya kaburi? Nilishindwa kumwambia hata huyu."

Huyu ni mimi.

Makhanu aliinuka akaenda hadi ukingo wa barabara, akatupa mgongo. Malori yalipita, upepo wake ukampeperusha koti, na mabega yake yakawa yanaruka. Hakuna aliyemfuata. Alikaa pale mpaka chai aliyomiminiwa ikaota utando. Aliporudi uso ulikuwa umelowa, na hakujisumbua kuufuta.

"Chapati ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Tatu." Alirudia kama mtu anayekabidhiwa kitu cha kubebwa kwa uangalifu. "Nitamwambia mamake tatu. Na kofia. Kofia hatukujua." Kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Obura, na sisi sote tukainamisha vichwa tukijua tutakaa hivyo mpaka jioni. "Baba, asante kwa sababu amekula," akaomba Elder Makhanu. "Nisaidie na huyu. Amina." Chepchumba alifungua jicho moja, akangoja, akaona kweli yameisha.

"Chukua vitu vyako," Makhanu akamwambia Obura. "Utapita mbele ya mlango wangu ukitembea. Mama Jerry amepika."

Chepchumba alileta begi kutoka chumba cha nyuma. Obura alisimama kwa magongo yake mawili, akanigeukia. Muda huu wote nilikuwa nimengojea uso huo uniambie maneno hayo. "Mama Mitchelle," akasema, "tuende nyumbani?"

Nilimtazama kutoka kwenye benchi nilipokuwa nimeketi. Nikaukumbuka ule mtungi wa maji niliommwagia mwanamke wa watu. Nikakumbuka mdomo wangu pale mferejini, jinsi ulivyokuwa mtamu, jinsi nilivyoapa kwa jina la mtoto wangu. Kila mtu Bondeni alikuwa amesema kweli isipokuwa mimi, na aliyenituma kudanganya ndiye huyu, anangoja jibu. Miguu yangu miwili mizima ilikataa. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, tulivu na ya kumcha Mungu, ikisema, "Tangulieni tu. Mimi wacha kwanza niweke kwa maombi."

Makhanu alikuwa ameshainama kuchukua begi. Alilitupia begani, akanitazama. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Mama Mitchelle," akasema, "Longonot ni mbali."

Nikainuka, nikamshika Obura mkono.